Duka la Mtandaoni Lisiloibiwa Kirahisi: Maswali Ninayoulizwa na Wafanyabiashara wa Tanga

Nina meza yangu Ngamiani, kompyuta mbili na feni inayopiga kelele, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti za watu wenye biashara ndogo: viungo vya Muheza, mikoba ya mkonge, sabuni ya mwani, vikoi, vipuri vya bodaboda. Maswali ni yale yale, anayebadilika ni muulizaji. Basi nimeyaandika pamoja na majibu ninayotoa kila siku, yakiwemo yale ambayo watu hawapendi kuyasikia.

Nina WhatsApp na Instagram, na wateja ninao. Duka la mtandaoni la nini?

Pengine hulihitaji. Kama unauza mikoba kumi kwa mwezi na wateja unawajua kwa majina, baki na WhatsApp Business, panga bidhaa zako humo, weka Lipa Namba, na usimlipe fundi hata shilingi. Kitu kimoja tu: ingia kwenye mipangilio uwashe PIN ya hatua mbili. Siku mtu akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye simu yake, hiyo PIN ndiyo itakayomzuia kuwaomba wateja wako pesa kwa jina lako.

Duka unalihitaji pale oda zinapoanza kukupotea, saa nne usiku bado unapekua meseji kutafuta nani kalipa na nani alisema "kesho inshallah". Au pale mteja wa Nairobi au Muscat anapotaka kulipa kwa kadi. Kuanzia siku hiyo unatunza majina ya watu, namba zao na mahali wanapoishi, na pesa zao zinapitia mlangoni kwako. Hapo ndipo yafuatayo yanapokuhusu.

Niambie tu, programu ipi ni salama kuliko zote?

Kila anayeuliza hivi anataka jina moja. Kabla sijakupa, nijibu wewe kwanza: nani ataitunza? Sikuulizi nani ataitengeneza. Miezi minane baada ya kuzinduliwa, mimi nikiwa na kazi nyingine Korogwe, nani ataifungua Jumatatu asubuhi kuangalia kama kuna masasisho? Nipe jina la mtu. Maduka mengi niliyoitwa kuyaokoa hayakuvunjwa na mjuzi wa ajabu. Yalikuwa na tundu linalojulikana, kiraka chake kilishatolewa zamani, ila hakuna aliyekwenda kukibandika.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupanga. Shopify ndiyo inayojulikana zaidi: kampuni ya Kanada, ilianza mwaka 2006 baada ya waanzilishi wake kuhangaika kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji na kukosa programu ya kuwaridhisha. Unalipa kodi ya kila mwezi kwa dola. Seva (kompyuta inayolibeba duka lako), masasisho, cheti cha usalama na kupambana na mashambulizi ni juu yao. Huwezi kusahau kusasisha kitu ambacho si kazi yako kukisasisha. Kinachobaki mikononi mwako ni nywila, wafanyakazi uliowaruhusu kuingia, na programu za ziada unazoziunganisha.

Ya pili ni kujenga kwenye kiwanja chako. Hapa mara nyingi nawajengea watu WooCommerce, ambayo ni programu-jalizi (mafundi tunasema plagini) inayoigeuza WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kuwa duka. Ilitoka mwaka 2011, na tangu 2015 iko chini ya kampuni ya Automattic. Yenyewe ni bure, data ni zako, na seva unahama utakavyo. Lakini sasa wewe ndiye mwenye nyumba, na paa likivuja ni lako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama hakuna wa kuitunza, panga. Kama yupo, na unamlipa kila mwezi, au ni wewe mwenyewe na kazi hiyo huionei uvivu, jenga. WooCommerce iliyotunzwa ni salama. Iliyotelekezwa mwaka mzima siwezi hata kuiombea dua.

Mbona mafundi wengi hawataki kuniwekea Shopify?

Kwa sababu ya malipo, na hawakosei. Shopify Payments, huduma yao wenyewe ya kupokea pesa, haipo Tanzania. Inabidi uunganishe kampuni nyingine ya malipo, na hapo Shopify hutoza ada yake juu ya ada ya kampuni hiyo. Kwa kifurushi cha Basic ni asilimia 2 ya kila mauzo. Kwa anayeuza pilipili manga kwa faida nyembamba, asilimia 2 si ya kupuuza. Na kwa kuwa kodi yenyewe ni ya dola, shilingi ikiteremka kodi inapanda bila mwenye nyumba kukuandikia barua.

Wateja wako wengi watalipa kwa simu: M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa. Zipo kampuni zinazounganisha malipo ya simu na kadi mahali pamoja, mfano Selcom, Pesapal, DPO na AzamPay. Ushauri wangu, ambao nimeurudia mpaka nimechoka: chagua kampuni ya malipo kwanza, programu ya duka baadaye. Waulize, "Mna plagini yenu rasmi ya programu ipi?" Wengi huanza na duka, wanapenda rangi, wanapenda picha zinavyoteleza, halafu siku ya mwisho ndipo wanauliza pesa itaingiaje. Matokeo yake malipo yanaunganishwa kwa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa na mtu mmoja kwa usiku mmoja. Nitaeleza chini kwa nini hilo linanitia hofu.

Na PrestaShop, OpenCart, Magento?

PrestaShop ni ya Ufaransa, tangu 2007, ni nzuri na ina watu wake. Julai 2022 walitangaza kwamba wavamizi wanatumia tundu kwenye maduka yake, wakatoa toleo la 1.7.8.7 kuliziba. Wengine wakisikia hivyo wanaikimbia. Mimi ndipo ninapoiamini zaidi, kwa kuwa kampuni kutotangaza tundu lolote hakumaanishi kwamba haina matundu. OpenCart ni nyepesi na inakwenda vizuri hata kwenye seva ya bei nafuu, ila viongezi vyake uvichague kwa macho mawili. Magento ni ya Adobe tangu 2018, na kwa duka la bidhaa arobaini ni kuchukua semi-trela kubebea fungu la mchicha. Toleo lake la kwanza liliachwa bila matengenezo Juni 2020. Septemba mwaka huo huo karibu maduka 2,000 yaliyokuwa bado yanalitumia yalipandikizwa msimbo wa kuiba kadi ndani ya siku chache tu.

Kuna pia fundi atakayekwambia ameandika programu yake mwenyewe tangu mwanzo. Huenda ni hodari. Lakini siku akipata ajira Dodoma, nani mwingine duniani anaijua?

Duka langu dogo, liko Makorora. Mdukuzi wa huko Ulaya atanitaka nini?

Wewe hakujui na hana haja ya kukujua. Wanaopiga hodi ni boti, programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila mlango. Fungua kumbukumbu za seva ya duka lililoanza wiki iliyopita, ambalo hata mama yako hajaliona, utakuta mamia ya majaribio ya kuingia kwa jina la "admin".

Wakishaingia wana matumizi mengi. Watatuma barua pepe za utapeli kwa jina lako mpaka barua zako halali ziwe zinaishia kwenye taka. Watapandikiza kurasa za kamari au viatu bandia ili Google izione. Watabandika msimbo kwenye ukurasa wa kulipia unaonakili namba za kadi. Na kuna moja ambalo halihitaji hata kuingia: kupima kadi za wizi. Mtu ana orodha ya kadi elfu moja zilizoibwa na hajui zipi bado zinafanya kazi, basi anazijaribu dukani kwako kwa bidhaa ya bei ndogo. Asubuhi unaamka una oda mia mbili za sabuni moja moja, zote zimekataliwa isipokuwa sita. Wewe unaona baraka kidogo, kumbe kampuni ya malipo inaweza kukusimamishia huduma. Dawa yake ni jaribio la "mimi si roboti" kwenye ukurasa wa kulipia, kikomo cha majaribio kwa kila kifaa, na kumwomba mteja afungue akaunti kabla ya kutumia kadi.

Je, kadi za wateja nizihifadhi ili wasiandike tena?

Hapana. Wala usizione kabisa ikiwezekana.

Kampuni za kadi zina kanuni zao ziitwazo PCI DSS, na moja iliyo wazi kuliko zote ni kwamba zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa, hata ukizificha kwa mafumbo. Njia rahisi ya mfanyabiashara mdogo ni mteja akibonyeza "Lipa" apelekwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, aandike kadi yake huko, kisha arudishwe. Fundi wako atasema inapendeza zaidi fomu ikiwa ndani ya duka. Inapendeza, kweli. Mwaka 2018 British Airways walikuwa na fomu ya kupendeza, msimbo wa mistari 22 ukapenyezwa kwenye tovuti yao, na kila kadi iliyoandikwa ikawa inanakiliwa. Oktoba 2020 wakatozwa faini ya pauni milioni 20 na mamlaka ya taarifa ya Uingereza. Wale wana idara nzima ya kompyuta. Sisi tuna feni.

Niliwahi kukuta duka ambalo fomu yake ya kadi ilikuwa inatuma namba zote kwa mwenye duka kwa barua pepe, naye anaziingiza kwa mkono kwenye mashine. Alijiona ameokoa ada.

Mteja kanitumia picha ya muamala. Nimtumie mzigo?

Hili nitalikalia, kwa sababu ndilo linalowaliza watu wengi hapa mjini kuliko udukuzi wowote.

Mama mmoja wa mikoba ya mkonge alinipigia nikiwa nakula. "Mwanangu, huyu mteja wa Dar kanitumia ile meseji, imeandikwa imethibitishwa, na mzigo nimeshaufunga, dereva wa basi ananisubiri stendi ya Kange."

"Mama, shikamoo. Hiyo meseji imekuja kwako au kaituma yeye?"

"Kaituma yeye. Picha."

"Basi iache. Piga *150*00# uangalie salio."

Kimya. Nasikia vidole. "Salio lile lile la jana."

Picha inatengenezwa kwa dakika mbili. Hata meseji yenyewe hughushiwa: ya kweli huja kwa jina la huduma, ya uongo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, na aliye na haraka haangalii juu. Ukishaijua ni ya kitapeli, itume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili hiyo.

Duka lililounganishwa vizuri linakuondolea mabishano haya, kwa sharti moja. Mteja akilipa, kampuni ya malipo hutuma taarifa kutoka seva yao kwenda seva yako: oda namba fulani, kiasi fulani, imelipwa. Duka lako linapaswa kuipokea hiyo, kuhakikisha imetoka kwao kweli, kulinganisha kiasi na bei ya oda, na ikibidi kuwauliza tena "ni kweli?" kabla ya kuandika "imelipwa". Kinachotokea kwenye simu ya mteja, kule kurudi kwenye ukurasa wa "asante", si ushahidi wa kitu.

Hapa ndipo ule msimbo wa usiku mmoja unapouma. Niliitwa kukagua duka la viungo ambalo iliki ilikuwa inatoka kuliko pesa inavyoingia, na iliki unaijua bei yake. Oda tatu zimeandikwa zimelipwa, kwenye taarifa ya kampuni ya malipo hazipo. Nikaweka oda mwenyewe, nikafika kwenye malipo, nikaitazama anuani ya ukurasa juu. Mwishoni palikuwa na neno la kusema malipo yameshindikana. Nikalifuta, nikaandika yamefaulu, nikabonyeza. Duka likanishukuru kwa kununua kilo moja ya iliki. Sikulipa hata senti, na mashine ya mwenye duka pale pembeni ikaanza kuchapa lebo ya mzigo wangu. Yule mzee alinitazama kama mchawi.

Jaribu na jambo jingine: je, bei inaweza kubadilishwa kwenye kivinjari cha mteja kabla ya kulipa? Kwenye WooCommerce na Shopify bei inatoka kwenye seva. Kwenye programu za kujitengenezea, usiamini mpaka ujaribu.

Plagini ya kulipia naipata bure kwenye kundi la Telegram. Kuna ubaya?

Ubaya ninaujua kwa sababu niliufanya mimi. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilimwekea mteja muonekano wa duka uliovunjwa kufuli, nikaokoa dola kadhaa, nikajiona mjanja. Miezi mitatu ikapita. Siku moja akaniambia ametafuta jina la duka lake Google na matokeo yanaonyesha viatu, kwa lugha asiyoijua.

Nikaingia. Kwenye folda ya picha, katikati ya picha za mikoba, palikuwa na faili moja linaloishia na .php, yaani programu na si picha, jina lake limefanana na faili halali ila herufi "l" ni tarakimu "1". Folda ya picha haipaswi kuwa na faili la namna hiyo hata moja. Nikalifuta, nikalala. Asubuhi limerudi. Nikalifuta tena, likarudi. Siku ya nne ndipo nilipoona kuna msimamizi wa pili wa tovuti asiyejulikana, na kazi iliyopangwa kujirudia yenyewe kila saa. Nilibomoa duka zima nikalijenga upya kwa gharama yangu, na mteja sikumdai.

Hao wanaogawa bure bidhaa ya watu hawafanyi sadaka. Kama huna pesa ya plagini ya kulipia, tumia ya bure iliyoko kwenye hazina rasmi ya WordPress, na kabla hujaiweka tazama imesasishwa lini mara ya mwisho na watu wangapi wanaitumia. Ambayo haijaguswa miaka miwili, iache hata kama inafanya kazi. Na ziwe chache. Nikikuta plagini arobaini na tano kwenye duka la sabuni, najua kuna mtu alikuwa anajifunzia humo.

Alama ya kufuli juu ya kivinjari inatosha kuonyesha duka ni salama?

Haitoshi. Inaonyesha tu kwamba mazungumzo kati ya simu ya mteja na duka hayasikilizwi njiani. Tapeli naye anapata cheti hicho bure, ndiyo maana Chrome iliiondoa picha ya kufuli Septemba 2023. Lazima uwe nacho, lakini usikilipie: Let's Encrypt hutoa bila malipo, vinadumu siku 90 na seva hujihuishia yenyewe. Nimeona watu wanatozwa pesa kila mwaka kwa kitu hiki. Muulize anayekutoza ni cha aina gani.

Nani ashike funguo?

Wewe. Na hapa nina kinyongo, nitakisema bila kutaja mtu. Wapo mafundi wanaosajili jina la tovuti kwa jina lao, barua pepe yao na namba yao ya simu, kisha mkikosana, duka linakuwa lao. Mwenye biashara amechapa jina hilo kwenye mifuko, kwenye fulana, kwenye ubavu wa bajaji, na hawezi kulihamisha. Jina la .co.tz lisajiliwe kwa jina lako au la biashara yako. Uwe umeingia mwenyewe kwenye akaunti ya msajili angalau mara moja, kwa mkono wako.

Fundi apewe akaunti yake, si yako. Kijana anayepanga oda apewe cheo cha meneja wa duka, ambacho WooCommerce inacho, asipewe usimamizi wa tovuti nzima. Akiondoka kazini, akaunti ifutwe siku hiyo hiyo, hata kama mmeagana kwa biriani.

Nywila ya barua pepe ndiyo mama wa nywila zote, maana zingine zote hurejeshwa kupitia hapo. Iwe ya peke yake. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, hapana. Tumia programu ya kutunza nywila. Bitwarden ina toleo la bure. Halafu washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu inayotoa namba kwenye simu, si kwa meseji, kwa sababu meseji inaifuata laini, na laini inaweza kuibwa. Piga *106# uone kuna laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kuna siku mzee mmoja alipiga mbele yangu akakuta laini ambazo hakuzijua kabisa.

Masasisho niyafanye lini? Mara ya mwisho duka lilivurugika.

Kila wiki, siku moja, bakapu (nakala ya akiba ya duka zima) ikiwa imeshachukuliwa. Isiwe usiku wa kuamkia Idi, wala dakika tano kabla hujapanda basi. Marekebisho madogo ya WordPress hujiweka yenyewe tangu 2013, na plagini unaweza kuziruhusu zijisasishe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Mimi huruhusu kwa plagini zote isipokuwa ya malipo na muonekano wa duka. Hizo mbili nazisasisha nikiwa nimekaa, kisha naweka oda ya majaribio.

Hofu ya kuvurugika naielewa. Lakini Julai 2021 WooCommerce iligundulika ina tundu ambalo lingemwezesha mtu kuvuta taarifa za duka, na kiraka kilipotoka watu walikuwa wanashindana na boti. Duka lililovurugika muonekano linarekebishwa mchana mmoja. Majina na namba za wateja zikishatoka, hazirudi.

Angalia na chini ya sakafu: WordPress, PrestaShop na OpenCart zote zinakwenda kwa PHP, lugha ya kompyuta zilizoandikwa nayo. Toleo la 7.4 liliacha kutengenezwa Novemba 2022, na bado naliona kwenye seva za watu. Muulize anayekuhifadhia tovuti unatumia toleo gani. Akikujibu "usijali", jali.

Bakapu anachukua fundi, sivyo?

Muulize ziko wapi. Zikiwa kwenye seva hiyo hiyo ya duka, mwizi atabeba vyote. Plagini kama UpdraftPlus inazipeleka Google Drive yako yenyewe. Na bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ni tumaini tu. Mara moja kwa miezi mitatu mwambie airejeshe pembeni, uione inafunguka.

Kuna sheria inayonihusu, au ni ya makampuni makubwa?

Inakuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayowasajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Jina, namba ya simu na mtaa anaokaa mteja ni taarifa binafsi. Jisajili, andika kwa Kiswahili cha kueleweka unakusanya nini na kwa nini, na usiombe usichohitaji. Kuna duka la vikoi lilikuwa linaomba tarehe ya kuzaliwa. Nikauliza ya nini. "Iko kwenye fomu tu." Tukaiondoa. Ambacho huna hakiwezi kuibwa kwako.

Nimeshadukuliwa. Sasa?

Usifute kitu kwanza. Funga duka kwa ukurasa wa "tunafanya matengenezo", chukua nakala ya lilivyo, kisha badilisha nywila kwa mpangilio huu: barua pepe, msajili wa jina, seva, duka. Fanya hivyo ukitumia kifaa kingine, kwani huenda tatizo lilianzia kwenye kompyuta yako. Ijulishe kampuni ya malipo siku hiyo hiyo, wabadilishe funguo za kuunganisha. Rejesha bakapu ya kabla ya uvamizi, sasisha kila kitu, na tafuta walipopitia kabla hujafungua mlango. Taarifa za wateja zikiwa zimeguswa, iambie Tume na uwaambie wateja wenyewe. Meseji fupi ya ukweli inatosha. Wakisikia mtaani kwanza, umewapoteza.

Naweza kulijaribu duka kabla sijamlipa fundi hela ya mwisho?

Ni lazima. Nunua kitu chako mwenyewe, cha bei ndogo, kwa simu ya mtu mwingine. Lipa, hesabu pesa imeingia wapi na baada ya muda gani. Nunua tena, ila ukifika kwenye PIN, katisha. Nunua mara ya tatu, lipa, halafu zima data kabla hujarudishwa dukani, uone kama oda itajulikana imelipwa bila simu yako kusema chochote.

Yule mama wa mikoba siku hizi hufanya hivi kila tukimaliza masasisho, wala haniiti. Mara ya mwisho alikuwa kibarazani, simu ya mjukuu mkononi, ameagiza mkoba mdogo na kukatisha kwenye PIN. Kwenye kompyuta oda ikabaki imeandikwa inasubiri malipo. Akaitazama dakika nzima kama itageuka, haikugeuka, akaifuta na kurudi kufunga mzigo wa Kange.